Somo la Usalama Ziwani: Kukagua Kinachobeba Mlingoti wa Boti Kuukuu ya Faiba

Kila alasiri, upepo wa ziwa unapovuma kuelekea nchi kavu, mashua za tanga huanza kurejea katika fuo za Dunga, Usoma, Ogal na nyinginezo za Kaunti ya Kisumu. Upepo huo ni msaada mkubwa kwa mvuvi asiye na pesa za petroli. Pia ndio unaoupima mlingoti kuliko wakati mwingine wowote wa siku.

Kabla ya kutoka, wavuvi wengi hutazama tanga kama limechanika, hutazama kama boti inavuja, na huhesabu jaketi za kuokoa maisha. Mlingoti wenyewe hupigwa jicho mara moja tu: umesimama, basi ni mzima. Lakini mlingoti unaweza kuwa mzima kabisa na bado ukaanguka, kwa sababu kilichoharibika ni kile kinachoushikilia chini. Katika boti ya faiba iliyotumika miaka mingi, sehemu hiyo mara nyingi imefichwa ndani, na kwa nje hung'aa kama mpya.

Somo hili linaeleza jinsi mwenye boti, nahodha na mabaharia wake wanavyoweza kukagua sehemu hizo kwa vifaa vya kawaida, wakiwa ufuoni, kwa muda wa asubuhi moja.

Mlingoti hushikiliwa na nini?

Kuna sehemu nne za kufahamu.

Ya kwanza ni kikao cha mlingoti, yaani kipande kizito cha mbao au chuma kilicho juu ya mkuku, chenye tundu ambamo kitako cha mlingoti huingia. Mafundi wa Pwani hukiita mwashiri. Ya pili ni boriti ya mlingoti, ile inayokatiza boti kutoka ubavu mmoja hadi mwingine na kuukumbatia mlingoti juu kidogo ya kikao. Ya tatu, kwa boti zilizo nazo, ni kamba au nyaya za pembeni pamoja na vyuma vinavyozifungia kwenye mbavu za boti. Ya nne hupatikana katika boti zenye sitaha: mlingoti ukisimama juu ya sitaha, chini yake lazima kuwe na nguzo au ukuta wa ndani unaopeleka uzito hadi kwenye mkuku.

Mpangilio huu haubadiliki sana hata boti ikijengwa kwa kitu kipya. Mwaka 2021 wakazi wa Kisumu waliliona jahazi la FlipFlopi, lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyorejelewa, likija kusafiri katika Ziwa Victoria. Ingawa mbao zake ni za plastiki, jahazi hilo lilijengwa kwa mkuku na mataruma kama jahazi lingine lolote la Lamu. Upepo haujali boti imetengenezwa kwa nini. Unachotafuta ni kiungo kilicholegea.

Mzigo wenyewe ni mkubwa kiasi gani?

Chukua mfano wa mashua isiyo na kamba za pembeni. Mlingoti wake unapita kwenye boriti iliyo sentimita 50 juu ya kikao. Kitovu cha nguvu ya upepo kwenye tanga kiko mita 3 juu ya kikao hicho. Upepo ukilisukuma tanga kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 60, boriti husukumwa kwa 60 × 3 ÷ 0.5, yaani kilo 360. Wakati huohuo kitako cha mlingoti hujaribu kutoka kwenye kikao kuelekea upande wa pili kwa nguvu ya kilo 300.

Sasa chukua boti yenye kamba za pembeni. Watu watatu wenye kilo 75 kila mmoja wamekaa upande unaotoka upepo ili boti isilale, mita 1 kutoka katikati. Kamba ya upande huo imefungwa sentimita 75 kutoka kwenye mlingoti. Uzito wa watu hao peke yao huifanya kamba ivute kwa 225 × 1 ÷ 0.75, yaani kilo 300 kwenda juu. Mlingoti nao husukumwa chini kwa kilo hizo 300, juu ya uzito wake wenyewe, wa tanga na wa mvuto wa kamba ya kutwekea.

Hesabu hizi ni za upepo wa kawaida. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake juu ya tanga huongezeka mara nne. Ndiyo maana kikao kilichovumilia miezi mingi kinaweza kuvunjika katika dakika chache za dhoruba, wakati ambao mabaharia wanauhitaji mlingoti zaidi.

Kwa nini boti kuukuu ya faiba hudanganya

Faiba ni tabaka za nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu iitwayo resini. Tabaka hizo haziozi. Lakini ndani ya sitaha, ndani ya boriti na ndani ya kikao cha mlingoti, mafundi wengi huweka mbao au plaiwudi ili kuongeza ugumu, kisha huifunika kwa faiba pande zote.

Ubao huo ukibaki mkavu hudumu miaka mingi. Shida huanza pale mtu anapotoboa tundu la parafujo ili kufunga taa, ndoano au kishikio cha nanga, bila kuziba kingo za tundu hilo. Maji huingia polepole, na kwa sababu faiba imefunika kila upande, hayapati njia ya kutoka. Ubao huoza na kuwa laini kama mkate uliolowa, huku ngozi ya faiba juu yake ikiwa bado inang'aa.

Hatari hii ni kubwa zaidi ziwani kuliko wengi wanavyodhani. Chumvi ya bahari huzuia kwa kiasi fulani kuvu wanaoozesha mbao. Maji ya ziwa na maji ya mvua hayana kinga hiyo. Kwa hivyo boti iliyonunuliwa ikiwa imetumika Pwani haipaswi kuchukuliwa kuwa salama huku kwa sababu tu ilidumu kule.

Vifaa vinavyohitajika

Bisibisi yenye mpini wa plastiki, spana, chaki, uzi mwembamba wa nyavu, rula au futi ya fundi, tochi, kitambaa kikavu, na daftari. Simu yenye kamera itasaidia kulinganisha hali ya leo na ya miezi ijayo. Boti ivutwe nchi kavu, ikaushwe na kufagiliwa, hasa chini ya mlingoti.

Hatua saba za ukaguzi

*1. Kupima kwa uzi kabla ya kushusha mlingoti.* Uzi uvutwe kutoka ukingo mmoja wa boti hadi mwingine, karibu na mlingoti, ukiwa umenyooka. Kisha ipimwe nafasi kati ya uzi na sitaha au boriti. Sehemu iliyo karibu na mlingoti ikiwa imebonyea kuliko pande zake, kilicho chini yake kimeshindwa kubeba. Dalili nyingine ni kamba za pembeni zinazolegea kila baada ya kukazwa. Mara nyingi kamba haijarefuka, bali mlingoti unazama.

*2. Kutikisa.* Mtu mmoja ashike mlingoti kwa urefu wa kifua na kuusukuma taratibu huku na huku. Mwingine aweke kidole pale mlingoti unapokutana na boriti, kisha kwenye kikao, kisha kwenye kila chuma cha kufungia kamba. Kidole huhisi kisichoonekana kwa macho. Mlingoti kucheza kidogo ndani ya tundu la boriti ni jambo la kawaida na hurekebishwa kwa kabari. Boriti yenyewe au kikao chenyewe kucheza si jambo la kawaida.

*3. Kusoma nyufa.* Baada ya kushusha mlingoti, eneo lote lipanguswe na kumulikwa kwa tochi kutoka pembeni. Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotawanyika kama nyota, mara nyingi hutokana na kitu kizito kuanguka hapo, na huwa za juu juu. Nyufa zinazozunguka mguu wa mlingoti, au zinazopita sambamba na boriti, zinaonyesha kwamba sehemu hiyo imekuwa ikipinda mara kwa mara. Mwisho wa kila ufa utiwe alama ya chaki, upigwe picha na uandikwe tarehe. Ufa unaorefuka ni ufa unaobeba mzigo.

*4. Kugonga na kusikiliza.* Mpini wa bisibisi utumike kugonga kila sentimita tano, kuanzia mbali na mlingoti kuelekea kwenye mlingoti. Faiba iliyoshikana vizuri hutoa mlio mkali na mfupi. Sehemu iliyoachana au yenye ubao uliooza hutoa mlio mzito, kama kugonga katoni. Pale mlio unapobadilika pawekwe alama ya chaki. Mwisho wa kazi, alama hizo zitakuwa zimechora ramani ya uharibifu.

*5. Kufungua parafujo moja.* Parafujo au bolti iliyo karibu zaidi na mlingoti ifunguliwe kabisa. Ikitoka na unyevu, unga mweusi au harufu ya ukungu, ubao wa ndani umeingiwa na maji. Bolti yenyewe itazamwe katikati, sehemu iliyokuwa ndani ya ubao, kwa sababu huko ndiko kutu hula. Hata chuma kinachoitwa kisichoshika kutu huliwa kikikaa kwenye unyevu usio na hewa. Michirizi ya kahawia chini ya vyuma vya kufungia kamba ni onyo la jambo hilohilo.

*6. Kuchunguza kikao.* Hapa ndipo pa muhimu zaidi, na ndipo penye uchafu mwingi zaidi. Magamba ya samaki, omena waliokauka, mchanga na nyuzi za nyavu huziba vijitundu vya kupitishia maji, na kikao hubaki kimelowa mchana na usiku. Kisafishwe hadi kionekane. Kisha ncha ya bisibisi isukumwe kwenye ubao kwa nguvu ya mkono mmoja. Ubao mzima hukataa. Uliooza huruhusu ncha kuingia. Tundu la kitako litazamwe kama limepanuka au limepasuka upande mmoja. Kikao kilichofunikwa kwa faiba kigongwe kama ilivyoelezwa katika hatua ya nne.

*7. Kufuata viungo hadi kwenye mbavu.* Boriti haina nguvu kuliko ncha zake mbili. Pale inapokutana na ubavu wa boti, na pale ukuta wa ndani unapokutana na sakafu, huwa kuna ukanda wa faiba unaoviunganisha. Ukanda huo ukigeuka mweupe kama maziwa, ukiinuka pembeni au ukiruhusu ukucha kupita chini yake, umeachana. Katika boti yenye chumba, mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa unakwama huonyesha kwamba umbo la boti linabadilika.

Kuamua: boti itoke au isitoke?

Matokeo yapangwe katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni nyufa za juu juu zisizorefuka, mlio mkali kila mahali na kikao kikavu. Nyufa zizibwe, tarehe iandikwe, boti iendelee na kazi.

Kundi la pili ni parafujo zenye unyevu, bolti yenye kutu, au eneo dogo lenye mlio mzito lililo mbali na kikao. Boti hiyo itengenezwe kabla ya kutweka tanga tena. Mpaka hapo inaweza kutumika karibu na ufuo kwa makasia au injini, mlingoti ukiwa umeachwa nchi kavu.

Kundi la tatu ni sitaha iliyobonyea, boriti au kikao kinachocheza, ubao unaopenya bisibisi, au ukanda ulioachana. Hapo tanga lisitwekwe hata kwa safari moja fupi.

Uamuzi wa kundi la tatu ni mgumu. Siku moja bila kutoka ni siku bila mbuta wala omena wa kuuza, na nyumba zaidi ya moja hutegemea boti hiyo. Tena katika fuo nyingi mwenye boti si yeye anayetoka nayo. Yeye hubaki ufuoni akingoja mgao, na wanaokaa chini ya mlingoti ni mabaharia. Kwa sababu hiyo ukaguzi ufanywe mbele ya mabaharia wote, na matokeo yaandikwe katika daftari linalobaki kwenye ofisi ya BMU ya ufuo huo. Baharia ana haki ya kujua kikao kikoje kabla ya kupanda. Anayekataa kupanda boti ya kundi la tatu asihesabiwe kuwa mvivu.

Ukarabati: yanayofaa na yasiyofaa

Kosa la kwanza linaloharibu pesa ni kuziba ufa kwa puti na kupaka rangi. Puti haibebi mzigo; huficha ufa tu, na anayekuja kukagua baadaye haoni kitu. La pili ni kuweka faiba mpya juu ya ubao uliolowa. Unyevu hubaki ndani na kazi yote hubanduka. La tatu ni kuinua kikao kilichozama kwa kipande cha ubao laini au raba. Mlingoti utakibonyeza tena.

Ukarabati wa kweli huanza kwa kukata na kuondoa ubao wote uliooza hadi kufikia mzima, kisha kuacha sehemu hiyo ikauke kabisa. Ubao mpya uwe mgumu na mkavu, na uenee juu ya mkuku kwa urefu wa kutosha ili mzigo usikae mahali pamoja. Matundu ya bolti yatobolewe makubwa kuliko bolti, yajazwe resini, kisha yatobolewe tena katikati ya resini hiyo ili maji yasiufikie ubao. Vijitundu vya kupitishia maji chini ya kikao visizibwe.

Resini na kigumishi chake ni kemikali kali. Kigumishi kikiingia jichoni kinaweza kupofusha. Fundi avae miwani na glavu, afanye kazi mahali penye hewa, na pasiwe na sigara wala moto. Kipimo cha kigumishi kifuate maelezo ya kwenye kopo. Kuongeza ili kazi iharakishwe hutoa faiba dhaifu na joto linaloweza kuwasha moto.

Kazi ya kikao, boriti na ukuta wa ndani ifanywe na fundi wa boti aliyezoea faiba. Kwa ushauri kuhusu usajili na ukaguzi, wenye vyombo kutoka Seme hadi Nyakach wanashauriwa kuanzia kwa BMU yao na afisa wa uvuvi aliye karibu. Usalama wa vyombo vidogo ziwani uko pia chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini ya Kenya, KMA.

Mazoea yanayolinda kikao

Ukaguzi kamili ufanywe angalau mara mbili kwa mwaka: Februari, kabla ya mvua za masika, na Septemba, kabla ya mvua za vuli. Kutikisa na kugusa kwa kidole kufanywe kila wiki; ni kazi ya dakika tano. Boti iliyokwama kwenye gugumaji isivutwe kwa kamba iliyofungwa kwenye mlingoti, kwani mvuto huo hukipindua kikao. Boti inapolala ufuoni, iinamishwe kidogo ili maji ya mvua yatoke. Na kabla ya kila safari, nahodha asikilize utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Mawingu mazito yakionekana, tanga lipunguzwe au lishushwe mapema, kabla upepo haujafika.

Ajali ikitokea, nambari za dharura ni 999 na 112.

Maswali ya kujipima

1. Boriti ya mlingoti iko sentimita 40 juu ya kikao. Upepo unalisukuma tanga kwa kilo 40, mita 3 juu ya kikao. Boriti inasukumwa kwa kilo ngapi?

2. Kamba za pembeni zimekazwa mara tatu mwezi huu na bado zinalegea. Ni nini cha kukaguliwa kwanza?

3. Sitaha haina ufa hata mmoja, lakini karibu na mlingoti mlio ni mzito na parafujo imetoka na unga mweusi. Je, boti itweke tanga?

*Majibu:* 1. Kilo 300. 2. Uzi upitishwe kuona kama sitaha au boriti imebonyea, kisha kikao kichunguzwe. 3. Hapana. Ubao ulio chini ya mlingoti umeoza, hata kama ngozi ya juu ni nzuri. Mlingoti ushushwe na fundi aitwe.